Paka Aliyefungiwa Ndani na Nyama Tunayompa



Kila aliyepata kukaa mbele ya mwalimu, japo kwa mwezi mmoja, ameisikia habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Twaisimulia madrasani, na watoto huihifadhi upesi, kwani hapana mtoto asiyemjua paka. Lakini aghlabu twaisimulia nusu. Twasema: alimfunga, akamnyima chakula, paka akafa. Twaisahau sehemu ya pili, ya kwamba wala hakumwacha aende akajitafutie wadudu na vinyama vya ardhini. Sehemu hii ndiyo tunayotaka kuizungumza leo. Yatufahamisha kwamba paka aliye huru ana riziki yake aliyoumbiwa, na anayemfungia mlango amejitwika riziki hiyo yote mabegani mwake. Wala riziki si kushiba tu.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito mkubwa kwetu. Paka wa Lamu, wa Mji Mkongwe na wa mitaa ya kale ya Mombasa aliamkia gati ya samaki, akapita buchani, akarudi nyumbani kwa makombo, na usiku akashika panya wake. Tukimpa kisichomfaa, yeye mwenyewe alijikamilishia kwingine. Siku hizi jamaa zetu wengi wakaa ghorofani, Dar es Salaam, Nairobi na miji mingine. Paka hatoki, panya haingii, na kila kinachoingia kinywani mwake chatoka mkononi mwetu. Na vijana, ambao ndio hasa wanaofuga paka wa namna hii, wametuuliza mara kwa mara: Je, yafaa kumlisha paka nyama mbichi, kama alivyoumbwa? Na ikiwa yafaa, iwe nyama ya mnyama gani, na ibadilishwe kwa zamu gani?

Jawabu letu la kwanza ni kuwaomba wamtazame panya. Paka amlapo panya hali nyama peke yake. Hula nyama na mfupa, moyo na ini, damu na ubongo, na ngozi na manyoya yake, vyote katika tonge mbili tatu. Hicho ndicho kipimo. Mtu akichukua kipande cha sarara ya ng'ombe, kizuri, kilichochujwa mafuta, akakikata vipande na kumwekea paka wake, huyo hakumpa chakula cha asili. Amempa sehemu moja ya panya na kumnyima nyingine zote. Paka atafurahi, atajiramba, atalala. Na miezi ikipita ndipo maradhi yatakapodhihiri.

Lazima tufahamu pia kwamba paka si kama mbwa wala si kama sisi. Sisi twaweza kula karoti na mwili ukaigeuza kuwa vitamini A. Mwili wa paka hauwezi, sharti aipate tayari imekwisha kufanywa ndani ya mwili wa mnyama mwingine. Kadhalika kuna kitu kiitwacho taurini. Jina lake latokana na neno la Kilatini la fahali, kwa kuwa wataalamu wa Kijerumani waliipata kwanza katika nyongo ya ng'ombe, mwaka 1827. Wanyama wengi hujitengenezea taurini ya kuwatosha miilini mwao. Paka hutengeneza chache mno, na kila siku hupoteza nyingine kwa njia ya nyongo. Taurini haimo katika wali, wala ugali, wala mboga. Imo katika nyama na samaki, na humo nako haimo kwa kiasi kimoja.

Jambo hili lilichukua muda mrefu kujulikana, na habari yake yafaa kusimuliwa. Baina ya mwaka 1932 na 1942, daktari mmoja wa Kimarekani, Francis Pottenger, aliwafuga mamia ya paka huko Monrovia, California. Kundi moja lilipewa nyama mbichi, jingine nyama iliyopikwa, pamoja na maziwa na mafuta ya samaki. Wale wa nyama ya kupikwa walidhoofika, wakazaa watoto dhaifu, na kizazi kwa kizazi hali ikazidi kuwa mbaya. Watu wengi hata leo huitoa habari hii kama hoja ya kwamba moto ni sumu. Walakini, wakati ule hapana aliyejua kwamba paka hawezi kuishi bila taurini. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba paka asiyeipata huharibika macho kwa ndani hata akawa kipofu. Na mwaka 1987 Paul Pion na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California kule Davis, walionyesha kwamba upungufu huo huo huufanya moyo wa paka kutanuka na kulegea hata akafa. Tena wakaonyesha kwamba wengi katika wagonjwa hao walipona walipopewa taurini. Baadhi ya paka hao walikuwa wakila vyakula vya kopo vilivyouzwa madukani kuwa ni kamili. Baada ya hapo watengenezaji wakaongeza taurini katika vyakula vyao.

Basi msomaji aweza kusema: kumbe wale wa nyama mbichi walikuwa katika haki. Na asubiri kidogo. Katika chuo kile kile cha Davis, wataalamu waliwagawa watoto wa paka makundi mawili. Kundi moja lilipewa sungura mzima aliyesagwa mbichi, pamoja na mifupa na viungo vyake. Kundi la pili lilipewa chakula cha dukani. Wale wa sungura walipendeza, na choo chao kilikuwa kizuri kuliko cha wenzao. Miezi kumi ikapita. Ghafla mmoja akafa, na alipopasuliwa ikaonekana ni moyo uliotanuka kwa kukosa taurini. Na waliosalia walipopimwa, wengi wao mioyo yao ilikwisha kuanza kuharibika. Angalieni: nyama ilikuwa mbichi, mnyama alikuwa mzima, mifupa ilikuwamo, na bado kwa miezi kumi ya nyama ya namna moja tu mauti yaliingia pasipo hodi. Nyama ya sungura ina taurini chache, na kuisaga na kuiweka huipunguza zaidi.

Hapo ndipo maana ya kubadilisha nyama inapoonekana. Kila nyama ina ukarimu wake na ubahili wake. Paja la kuku na nyama nyeusi ya bata mzinga zina taurini nyingi kuliko kidari. Moyo, uwe wa ng'ombe au wa kuku, ni hazina ya taurini kuliko nyama ya kawaida. Nyama ya ng'ombe, ya mbuzi na ya kondoo ina zinki na chuma kupita ya kuku. Na mafuta ya kuku nayo yana namna ya mafuta ambayo paka huyahitaji, na katika mafuta ya ng'ombe ni haba. Anayempa paka kuku daima amemzidishia kimoja na kumpunguzia kingine, na anayempa ng'ombe daima amefanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Zamu ya nyama huyafidia mapungufu haya.

Lakini tusiizidishie sifa. Mwanafunzi wetu mmoja, kijana mwenye bidii, alitujia siku moja baada ya darasa akasema, "Maalim, mimi paka wangu nampa kuku leo, ng'ombe kesho, mbuzi keshokutwa. Hapo si amepata kila kitu?"

Tukamwuliza, "Nyama hizo zina mifupa, mwanangu?"

"Hazina, Maalim. Namtolea, nachelea asije akasakamwa."

"Na ini? Na moyo?"

"Hivyo mama huvitumia mwenyewe."

Tukamwambia kwamba amembadilishia paka kanzu tatu, na ndani yake mtu ni yule yule. Nyama kumi zisizo na mfupa, ukizizungusha mwaka mzima, bado hazina chokaa. Hili ndilo kosa kubwa tunaloliona kwa watu wenye nia njema. Nyama tupu ina fosforasi ipatayo mara 15 hadi 20 ya madini ya chokaa iliyo nayo, ilhali paka ahitaji viwili hivyo vikaribiane kwa kiasi. Asipoipata chokaa katika chakula, mwili huichukua katika mifupa yake mwenyewe. Kwa mtoto wa paka jambo hili ni la majuma machache tu: mifupa yake huwa myembamba, hupinda, huvunjika kwa kuruka kutoka kitini, na mwenyewe hulia akishikwa. Watu hudhani ameanguka au amepigwa, kumbe ni nyama laini aliyopewa kwa mapenzi.

Kwa hiyo sharti kwanza tuujue ujazo wa chakula, ndipo tuseme habari ya zamu. Wafugaji wa nchi za nje wanaolisha nyama mbichi hufuata hesabu hii, ambayo ni ya kumfananisha panya: katika kila kilo moja, gramu 800 ziwe nyama, na moyo umo humo, gramu 100 ziwe mfupa, gramu 50 ziwe ini, na gramu 50 ziwe viungo vingine vya ndani, mathalan figo au bandama. Mfupa wenyewe uwe mbichi na mdogo, wa shingo ya kuku au bawa, usagwe pamoja na nyama au upondwe vizuri. Mfupa uliopikwa usipewe paka kabisa, kwa kuwa hukatika vipande vyenye ncha kama sindano vikamchoma matumboni. Asiyeweza kusaga mifupa na achukue maganda ya mayai, ayaoshe, ayakaushe kwa moto, ayasage yawe laini kama unga, atie kadiri ya nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa. Paka mzima mwenye uzito wa kilo tatu hadi nne hula takriban gramu 100 hadi 150 kwa siku. Mtoto hula zaidi kwa kulinganisha na umbo lake.

Ini lataka maneno yake peke yake. Hapana paka asiyelipenda, na hapana mama wa nyumbani asiyemkatia paka wake kipande anapolisafisha, hasa siku za Idi ya kuchinja, maini yanapokuwa tele. Kipande hicho hakina neno. Lakini mtaani kwetu alikuwapo paka mmoja aliyelishwa ini la ng'ombe kila siku, kwa muda wa miaka, kwa kuwa alikwisha kukataa kingine chochote. Mwishowe akawa hawezi kugeuza shingo. Akiitwa hugeuka mwili mzima kama gari, na mgongo wake ulijaa manyoya yaliyosokotana kwa sababu hakuweza tena kujiramba. Daktari wa mifugo alisema mifupa ya shingo imeota na kushikana kwa wingi wa vitamini A. Ini la ng'ombe na la mbuzi lina vitamini hiyo nyingi mno, la kuku lina kiasi kidogo kuliko hayo. Liwemo basi, kwani paka hana pengine pa kuipatia vitamini A, lakini libaki katika zile gramu 50 kwa kilo.

Na samaki? Hapa wenyeji wa pwani watatushangaa, kwa maana kwao paka na samaki ni ndugu. Samaki mbichi si chakula cha paka cha kila siku. Baadhi ya samaki, hasa wadogo wa jamii ya dagaa, wana kitu ndani yao kinachoivunja vitamini B1. Paka anayelishwa hao wabichi siku nyingi huanza kukataa chakula, kisha huinamisha kichwa, huyumba na kupata kifafa. Jodari naye, akiwa ndiye chakula cha daima, huleta ugonjwa wa mafuta ya mwili kugeuka manjano na kuuma, hata paka hataki kuguswa. Moto hukiharibu kile kitu kinachoivunja vitamini. Basi samaki apikwe, bila chumvi wala viungo, apewe mara moja kwa juma, kwa kiasi kidogo. Na faida yake ya mafuta mazuri itapatikana. Ajabu ni kwamba katika nyama zote, hii ambayo twaifikiria ndiyo ya paka hasa ndiyo ya kwanza inayotaka jiko.

Ama zamu yenyewe, si lazima iwe ya kila siku. Wepesi zaidi ni kuzungusha kwa juma. Juma la kwanza kuku: mapaja, shingo, mioyo, firigisi na maini yake, yote ya mnyama mmoja. Juma la pili mbuzi, pamoja na moyo wa ng'ombe na unga wa maganda ya mayai. La tatu ng'ombe, au ngamia kwa wale wa Garissa na Mombasa ambako nyama yake hupatikana. La nne bata au sungura, na akiwa sungura moyo wa ng'ombe au wa kuku uongezwe, kwa sababu tuliyoitaja. Mtu aweza kutengeneza chakula cha majuma mawili kwa siku moja, akakigawa katika vifuko vya siku moja moja, akakigandisha.

Kila nyama mpya iingizwe polepole, kwa muda wa siku saba hadi kumi, ikichanganywa na ile aliyoizoea, na ziingizwe moja moja. Akiharisha au akianza kujikuna utajua ni ipi. Tena, na hili wenye bidii hulisahau, ibakizeni nyama moja ambayo paka wenu hajapata kuionja kabisa. Paka wengine huota uadui na nyama fulani, na zinazotajwa zaidi ni ng'ombe, samaki na kuku. Ikitokea hivyo daktari atataka kumlisha kwa majuma kadhaa nyama ngeni kabisa ili ajue chanzo. Na ikiwa mmekwisha kumwonjesha kila mnyama wa sokoni, atakosa pa kuanzia.

Wengine husema: akikataa mwacheni na njaa, atakula mwenyewe. Hilo lafaa kwa mtoto mtukutu anayekataa uji. Paka, hasa aliyenenepa, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta huliingia ini lake na huweza kumwua. Akikataa nyama mpya mrudishieni chakula chake cha zamani, mjaribu tena baadaye. Walio rahisi kufundishwa ni watoto. Paka aliyeonjeshwa nyama nyingi udogoni hachagui sana ukubwani.

Sasa tuje kwenye mambo ya dini, maana nayo twaulizwa. Nyama ya mnyama aliyechinjwa kisheria ni tohara, na damu inayobaki katika mishipa na nyama yenyewe imesamehewa. Isiyosamehewa ni ile iliyomwagika wakati wa kuchinja. Paka naye si najisi. Yajulikana jinsi Abu Qatada, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alivyomwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akamweleza mke wa mwanawe aliyekuwa akimtazama kwa mshangao kwamba Mtume (S.A.W.) amesema si najisi, kwa kuwa ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Ama mzoga, wako wanazuoni wa madhehebu ya Shafi walioruhusu kulishwa wanyama wala nyama. Lakini sisi twasema kwa sababu ya afya, usiuingize nyumbani. Mnyama aliyekufa mwenyewe amekufa kwa jambo, na jambo lenyewe laweza kuwa kimeta. Nguruwe hana nafasi katika majiko yetu. Na yafaa vijana wajue kwamba nyama yake mbichi, katika nchi zenye ugonjwa uitwao wa Aujeszky, huua paka kwa siku chache.

Lakini hapa pana jambo ambalo twaomba lisomwe mara mbili. Tohara ni kitu kimoja, na usalama wa vijidudu ni kitu kingine. Kuku aliyechinjwa vizuri kwa jina la Mwenyezi Mungu ni halali na ni tohara, na wakati huo huo aweza kuwa amebeba salmonela. Mtu asiseme "ni halali" akidhani amesema "ni salama". Paka hula akastahimili, kisha huramba miguu, hutembea juu ya mkeka, mtoto mchanga hutambaa nyuma yake. Ndiyo maana chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani, tangu mwaka 2012, hushauri paka na mbwa wasilishwe nyama mbichi. Na mambo yameongezeka tangu hapo. Mwaka 2023 paka wengi walikufa Poland kwa homa ya ndege, na nyama mbichi ya kuku ikashukiwa. Wazee wetu hawakuzijua habari kama hizi. Lakini mwezi wa Desemba 2024, katika jimbo la Oregon, Marekani, paka wa nyumbani alikufa kwa homa hiyo baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichogandishwa, na wakaguzi wakaikuta homa yenyewe ndani ya chakula.

Kugandisha huiua toksoplasma iliyomo nyamani, ikiwa ni baridi ya nyuzi 12 chini ya sifuri au zaidi, kwa siku kadhaa. Hakuiui salmonela, wala homa ya ndege. Na toksoplasma ndiyo inayowahusu mama wajawazito, kwa sababu huweza kumdhuru mtoto tumboni. Choo cha paka kiondolewe kila siku, kwa maana vijidudu hivyo huhitaji siku moja hadi tano ndipo viweze kuambukiza. Na mwenye mimba asikiondoe yeye, akifanye mwingine. Nyumba yenye mjamzito, au mtoto mchanga, au mzee dhaifu, au mtu mwenye maradhi yanayopunguza nguvu za mwili, sisi hatuoni kwamba inafaa kulisha nyama mbichi hata kidogo.

Nyumba nyingine nazo ziwe na ubao wake na kisu chake cha nyama ya paka, visichanganywe na vya kachumbari. Nyama iyeyuke ndani ya friji, si juu ya meza. Kuku asioshwe kwa maji ya kurusha, kwa kuwa hutawanya vijidudu jikoni kote. Chakula kikikaa nusu saa katika joto letu la pwani bila kuliwa, kitupwe, na sahani ioshwe kwa sabuni na maji ya moto.

Asiyeyaweza haya yote, na ni wengi, apike. Moto kidogo si adui wa paka. Apike nyama ile ile bila mfupa, kwa maji machache, ampe pamoja na mchuzi wake wote, kwa kuwa taurini nyingi hutoka katika nyama ikaingia katika maji hayo. Kisha atie unga wa maganda ya mayai, na taurini ya dawa ikipatikana. Mchuzi tunaousema ni wa maji matupu. Mchuzi wetu wa kawaida una vitunguu na thomu, navyo viwili hivyo huharibu damu ya paka, vikiwa vibichi au vimepikwa. Kwa hiyo makombo ya pilau na biriani si sadaka kwake. Na chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ukamilifu si aibu. Ni bora mara nyingi kuliko sarara ya kila siku.

Wala mtu asijidanganye kwamba hesabu ya gramu 800 na wenzake yamaliza kila kitu. Mwaka 2019 wataalamu walichapisha uchunguzi wao wa maelezo zaidi ya 100 ya chakula cha paka cha kutengeneza nyumbani, mengine yakiwa yameandikwa na madaktari wenyewe, na katika yale yaliyoweza kupimwa hawakuona hata moja lililotimiza vyote. Yaliyopungua mara nyingi yalikuwa pamoja na chuma, zinki, vitamini E na vitamini B1. Anayeshika njia hii kwa miezi mingi ampeleke paka wake kwa daktari wa mifugo, amwonyeshe karatasi ya anavyomlisha, asikilizwe moyo na atazamwe macho.

Twajua watakaosema kwamba ni israfu kumhesabia paka gramu za nyama, na jirani ana watoto wasioionja ila siku ya Idi. Maneno hayo ni ya haki, nasi hatuyakatai. Lakini tazameni tulichokitaja: shingo za kuku, mioyo, bandama, maganda ya mayai. Hivi ndivyo vya bei ndogo buchani, vingine hutupwa kabisa. Sarara abaki nayo binadamu.

Paka mzee, mwenye figo mbovu au maradhi ya matumbo, hayumo katika maelezo haya. Huyo asibadilishiwe chakula chochote kabla ya kuonana na daktari. Na mtoto wa paka aliye chini ya miezi sita, ambaye mifupa yake ingali inajengwa, alishwe kilicho kamili cha dukani kwanza, nyama iwe ya kuonja tu mpaka akomae.